Kichaka Chenye Umri wa Mtu Mzima

Moto kichaa unapopita nyikani mwishoni mwa kiangazi, taarifa inayofuata huwa ya namna moja: hekta kadhaa za uoto zimeteketea. Neno lenyewe, kuteketea, tumelizoea kwenye habari za nyumba na masoko, ambako kilichoungua hakirudi, kisha tukalihamishia porini bila kulikagua. Lakini ukiinama kwenye kichaka cha mgunga wiki mbili tatu baada ya moto, pale palipobaki vijiti vyeusi vitupu, utakuta hesabu nyingine. Vijiti vimekufa kweli, ukivikunja vinakatika na kukuachia masizi viganjani. Ila pale shina linapozama ardhini kuna nundu ngumu, pengine kubwa kama ngumi, imejaa makovu ya vishina vilivyoliwa na mioto ya miaka iliyopita, na katikati ya makovu hayo yametoka machipukizi ya kijani yenye miiba ambayo bado ni laini. Pengine mvua haijanyesha bado, na kichaka kinakula akiba iliyo mizizini. Kimo chake hakifiki kiunoni, na asiyejua angekikadiria miaka miwili au mitatu. Mizizi yake inaweza kuwa na miongo kadhaa.

Hoja ya sura hii inaanzia kwenye nundu hiyo. Ninachodai ni kwamba katika nyika zenye nyasi moto mkubwa huua miti michache kuliko tunavyodhani, na madhara yake hasa ni kuifupisha, kuirudisha utotoni. Kwa hiyo ukitaka kujua moto umeifanya nini miti ya mahali fulani, ukubwa wa eneo lililoungua utakueleza machache. Uliza moto mwingine ulipita lini kabla ya huu, na mwingine utakuja lini. Na kwa kuwa kinachoungua nyikani ni majani, jibu la swali hilo mara nyingi halimo mikononi mwa mwenye kiberiti. Limo mdomoni mwa anayekula majani.

Moto wa nyasi una haraka. Ukisukumwa na upepo, hupita mahali pamoja kwa muda usiozidi dakika moja hivi, na chini ya udongo, kina cha vidole viwili tu, joto hupanda kidogo sana. Mizizi haina habari. Juu ya ardhi ndiko kuna vita. Chembe hai za mti hufa zikifikia joto la nyuzi 60 hivi, na kinachoulinda mti ni gome lake, kwa kuwa chini ya gome kuna tabaka jembamba linaloukuza mti, na tabaka hilo likiungua pande zote shina zima limekwisha. Gome hufuata kanuni ambayo ingemfurahisha mfanyabiashara yeyote: likiwa nene mara mbili, joto huchukua takriban mara nne ya muda kulipenya. Milimita chache za ziada huamua kati ya shina kuishi na shina kukauka. Halafu kuna kimo. Mti ambao matawi yake yamevuka ndimi za moto, mita mbili, tatu au zaidi kulingana na wingi wa majani, hupoteza majani ya chini na kuendelea na maisha yake. Ule ambao kilele chake bado kimo ndani ya ndimi hupoteza kila kitu kilicho juu ya ardhi na kuanza upya kutoka kwenye nundu. Wataalamu wa ikolojia huiita hali hiyo mtego wa moto. Mti mchanga unahitaji miaka kadhaa mfululizo bila moto ili upate gome na kimo cha kuutoka mtego huo, na moto ukirudi kabla haujatimiza miaka hiyo, hesabu inaanza tena kutoka sifuri, au tuseme kutoka kwenye nundu, maana mizizi nayo imezidi kunenepa.

Tunaposema moto mkubwa tunachanganya mambo mawili. Kuna moto mpana na kuna moto mkali. Upana peke yake mti hauuhisi, kwani ulioungua ndani ya moto wa hekta kumi hauna tofauti na ulioungua ndani ya moto wa hekta elfu kumi. Nikubali, hata hivyo, kwamba upana una athari yake kwa msitu kwa ujumla, kwa sababu moto mdogo huacha visiwa visivyoungua, kwenye mawe, kando ya mikondo, nyuma ya vichuguu, na katika visiwa hivyo miti michanga hujiibia mwaka mmoja wa ziada. Moto mpana wa Septemba, majani yakiwa yamekauka kote, huviacha visiwa hivyo vichache. Ukali nao hutegemea uzito wa majani, ukavu wake na upepo. Moto unaokwenda na upepo una ndimi ndefu na huharibu matawi. Unaorudi dhidi ya upepo ni mfupi na mzito wa mwendo, hukaa muda mrefu kwenye tako la shina, na ndiyo maana watu wawili walioshuhudia moto mmoja katika pande mbili za kilima wanaweza kusimulia mambo tofauti na wote wakawa wakweli.

Kwa bahati haya si mambo ya kukisia. Huko Ndola, Zambia, kuanzia 1933, msitu wa miombo uligawanywa katika viwanja: vingine vikazuiliwa moto kabisa, vingine vikachomwa mapema kiangazi kinapoanza, vingine vikachomwa mwishoni kiangazi kikiwa kikavu. Miaka ilivyokwenda viwanja vilivyozuiliwa moto vilizidi kufunga, vilivyochomwa mapema vilibaki na miti, na vilivyochomwa mwishoni vikageuka kuwa nyasi zenye machipukizi mafupi kati ya miti michache iliyosalia. Udongo uleule, mvua ileile. Huko Afrika Kusini, katika Hifadhi ya Kruger, jaribio linalofanana na hilo lilianza 1954, kwenye viwanja vya takriban hekta 7 kila kimoja, vingine vikichomwa kila mwaka, vingine kila baada ya miaka miwili au mitatu, vingine visiguswe. Watafiti walipokuja kuhesabu baada ya miongo minne, walikuta jambo ambalo kila anayeandika habari za moto angepaswa kulijua: idadi ya miti katika viwanja vilivyochomwa haikutofautiana sana na vile vilivyoachwa. Kilichotofautiana ni kimo. Kwenye viwanja vya moto watu walitembea juu ya msitu uliokuwa umelala chini, miti ikiwa mingi na yote mifupi. Anayepiga picha kutoka angani angesema hapa hakuna miti.

Mahali ambapo hoja hii ilijaribiwa kwa kiwango cha nyika nzima, bila mtu kupanga, ni Serengeti. Kisa kinaanzia mbali kidogo na moto. Karibu na 1890 ugonjwa wa sotoka, uliokuwa umeingia kutoka pembe ya Afrika, ulishuka kusini na kuua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usio na mfano. Oscar Baumann, aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa. Watu walipopungua na mifugo kwisha, vichaka viliongezeka katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na pamoja navyo mbung'o na malale. Sotoka yenyewe haikuondoka. Ilikaa, na kwa miongo saba karibu kila kizazi cha ndama wa nyumbu kilipitiwa nayo. Kisha katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe waliozunguka hifadhi walichanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja, lakini kufikia 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kati yao. Kumbe chemchemi ya ugonjwa ilikuwa zizini, na wanyama wa porini, waliokuwa wakilaumiwa kwa kuambukiza mifugo, ndio waliokuwa wakiambukizwa.

Yaliyofuata ni hesabu rahisi yenye matokeo makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Milioni nzima ya midomo iliongezeka, na kila mdomo unakula majani mabichi na makavu usiku na mchana. Majani yaliyokuwa yakisimama hadi kifuani mwishoni mwa masika, yakakauka na kungoja moto, sasa yalifika kiangazi yakiwa yameshakatwa. Moto hauwezi kutembea juu ya udongo mtupu. Majani yakipungua chini ya takriban tani 2 kwa hekta, husita na kukatika katika vipande. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya nyika ya kaskazini ilikuwa ikiungua karibu kila mwaka, lakini kadiri nyumbu walivyoongezeka eneo lililoungua likasinyaa. Na miti, ile iliyokuwa imelala majanini ikiungua na kuchipua, ikapata miaka yake mfululizo. Tony Sinclair, aliyeichunguza Serengeti tangu miaka ya 1960, alirudi na kamera mahali palepale palipopigwa picha za zamani, na vilima vilivyoonekana vipara katika picha za kwanza vimevaa migunga katika za baadaye. Mwaka 2009 Ricardo Holdo, Sinclair na wenzao walikusanya takwimu za miongo hiyo yote na kuonyesha mnyororo mzima, kuanzia chanjo hadi nyumbu, majani, moto na miti, na kwamba nyika hiyo, ambayo hapo awali ilikuwa ikitoa kaboni hewani, iligeuka kuwa ya kuihifadhi. Sindano zilizodungwa kwa ng'ombe wa wafugaji ziliotesha miti ndani ya hifadhi ambamo ng'ombe haruhusiwi kuingia.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Je, si mvua? Miti hunywa maji, na nyika ya Serengeti inatofautiana kutoka takriban milimita 500 kwa mwaka kusini-mashariki hadi 1,200 kaskazini-magharibi. Pingamizi hili ni la haki, na kwa sehemu ni la kweli. Mahesh Sankaran na wenzake walipokusanya mwaka 2005 vipimo vya maeneo 854 ya nyika za Afrika, walikuta kwamba pale mvua isipofikia takriban milimita 650 kwa mwaka, ukame wenyewe unaweka dari juu ya miti, iwe kuna moto au hakuna. Kwa hiyo kwenye uwanda wa kusini wa Serengeti, wenye majani mafupi na udongo wa majivu ya volkano, simdai moto chochote. Lakini juu ya kiwango hicho mvua inatosha kufunga msitu kabisa, na kama msitu haukufunga, kuna kinachouzuia. Kaskazini mwa Serengeti ndiko mvua ni nyingi, ndiko moto ulikuwa mkali zaidi, na ndiko miti ilirudi. Tena mvua nyingi nyikani huzaa kwanza majani mengi, na majani mengi ndiyo kuni za Septemba. Mwaka wa neema kwa mti unaweza kuwa mwaka wa hatari kwa mti huohuo. Hewa ya ukaa iliyoongezeka angani nayo inatajwa, na bila shaka husaidia mti mchanga kukua haraka na kujaza akiba ya mizizi, lakini angalia msaada huo unafanya nini: unafupisha muda wa kuutoka mtego. Bado tunapima kwa saa ileile ya kati ya moto na moto.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sidhani linafaa kupitwa kwa mkono mmoja. Mbona tembo? Miti ya nyika hailiwi na moto peke yake, na aliyewahi kuona mgunga uliong'olewa na mizizi ikiangalia juu hahitaji takwimu. Upande wa Mara, nchini Kenya, misitu ilipungua sana katika miaka ya 1960, na wengi waliwatupia tembo lawama. Holly Dublin, akiwa na Sinclair na Jacqueline McGlade, walichambua jambo hilo mwaka 1990 na kukuta tembo wasingeweza kuondoa miti kwa kasi iliyoonekana. Moto ndio ulioiangusha. Ila moto ulipopungua, miti ya Mara haikurudi kama ya Serengeti. Ujangili ulikuwa umewamaliza tembo wengi upande wa Tanzania, na upande wa Kenya tembo walibaki wengi, wakiinyofoa miche kati ya majani mafupi. Mpaka uleule, nyumbu walewale wanaouvuka kila mwaka, na misitu miwili tofauti. Naona somo lake ni hili: anayeuondoa msitu na anayeuzuia kurudi wanaweza kuwa wawili tofauti, na kuuliza nani mkosaji mmoja ni kuuliza vibaya. Ziwa Manyara linatoa mfano mwingine. Migunga mirefu ya pale ina marika, kana kwamba imetahiriwa pamoja: Herbert Prins na Henk van der Jeugd waliikuta imeota mwishoni mwa miaka ya 1880 na tena mwaka 1961. Rika la kwanza waliliunganisha na ujio wa sotoka, na la pili na kimeta kilichowapukutisha swala pala, ambao hupenda sana kula miche. Sotoka hiyohiyo iliyoongeza moto kwa kuwaua walao nyasi iliweza kuongeza miti kwa kuwaua walao miche. Inategemea nani amekufa, na nani kabaki na njaa ya nini.

Kuna pia wanaosema kwa ujumla kwamba miti mikubwa hufa kwa moto, hivyo kusema moto hufupisha tu ni kuupamba. Hufa, ndiyo. Katika Kruger, wahifadhi waliwasha kwa makusudi mioto mikali sana ili kupunguza vichaka vilivyozidi, kisha watafiti wakapima kimo cha miti kwa leza kutoka kwenye ndege kabla na baada. Vichaka vilipungua, lakini pamoja navyo iliondoka miti mirefu ambayo hakuna aliyekusudia kuiondoa. Ukichunguza mti mrefu uliouawa na moto nyikani, mara nyingi utaona ulikuwa na mlango. Tembo alibandua gome upande mmoja, mchwa wakatoboa mti uliobaki wazi, au gogo kavu lililoanguka kwenye tako lake likawaka kutwa nzima wakati moto wa majani wenyewe ulipita kwa dakika moja. Moto wa mwaka mmoja unapanua kovu, wa mwaka wa tatu unaingia ndani, na mti ambao gome lake zima lingestahimili mioto mia unaanguka kwa moto wa kawaida kabisa. Hata hapa tumerudi kwenye marudio. Na hoja yangu ni ya nyika, si ya milima. Juu ya Kilimanjaro moto umeshusha ukingo wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, kwa sababu miti ya msitu wa mvua haikukulia pamoja na moto. Gome lake ni jembamba, na mingi yake haina nundu ya kurudia. Moto ambao mgunga huuchukulia kama homa ya msimu, kwa mti wa msitu huo ni kifo. Anayechukua sera ya mahali pamoja na kuipeleka pengine ataua kitu.

Jibu la kawaida la wahifadhi ni moto wa mapema. Katika hifadhi nyingi za Tanzania majani huchomwa kuanzia Mei hadi Julai hivi, yakiwa bado na unyevu, ili moto uende polepole, uache mabaka, na uunyime majani moto kichaa wa Septemba na Oktoba. Wafugaji walifanya hivyo kabla ya hifadhi kuwapo, kwa ajili ya kupata majani mabichi na kuua kupe, na serikali za kikoloni ziliwakataza kwa miaka mingi kabla ya wataalamu kuirudisha desturi hiyo ikiwa na jina jipya. Ni njia nzuri kwa miti iliyokwisha kupanda. Lakini mti wa kimo cha goti haujali kama ndimi zilizoufunika zilikuwa za mita moja au nne, vyote viwili vinaurudisha kwenye nundu, na moto mpole wa kila mwaka mahali palepale ni mtego uleule wenye adabu zaidi. Anayechoma mapema bila kuzungusha maeneo, hili akaliacha mwaka huu, lile mwakani, anahifadhi wazee na kuzuia watoto.

Sasa tatizo limeanza kugeuka upande wa pili. Kati ya 1998 na 2015 eneo linaloungua duniani kwa mwaka lilipungua kwa takriban robo, sehemu kubwa ya upungufu huo ikiwa kwenye nyika na nyasi ambako kilimo na mifugo vimeongezeka. Kandokando ya Serengeti na Mara, ambako ng'ombe, mbuzi na kondoo wamekuwa wengi, majani hayafiki tena kiangazi yakiwa yamesimama, na moto umekuwa nadra. Vile vichaka vifupi vilivyoonekana kama si chochote vinapata miaka mitano, kumi, na kwa kuwa mizizi yao ilikuwa tayari, havikui kama miche, vinaruka. Hapo ndipo mfugaji anapougundua msitu uliokuwa umelala chini ya miguu ya ng'ombe wake muda wote. Malisho yanakuwa miiba. Mtu akiona hivyo huona dawa ni kuurudisha moto, anangoja Septemba, anawasha upande wa upepo, na moto unatembea hatua ishirini au thelathini kisha unazimika wenyewe. Chini ya vichaka hakuna majani ya kuubeba, na vilele vimeshapita mita tatu.